Kupanda na mto Ter: Ripoll, Camprodon na Beget bila kukuta milango imefungwa

Wanaopanda bonde la Camprodon kwa mara ya kwanza hupima safari kwa kilomita. Kutoka Ripoll, mji ulio mlangoni mwa bonde, hadi Setcases, kijiji cha mwisho kabla ya milima mirefu, barabara ni kama kilomita 35 tu. Ukitazama ramani unajiambia asubuhi moja inatosha. Kupita tu, inatosha. Lakini kinachotawala siku katika pande hizi ni ufunguo wa kanisa, saa ya chakula cha mchana, na mawingu yanayojikusanya mlimani baada ya adhuhuri. Mwenye kuvipanga vitu hivyo vitatu atamaliza bonde kwa siku tatu bila haraka. Asiyevipanga hurudi na picha nyingi za milango ya mbao.

Bonde liko katika wilaya ya Ripollès, kaskazini mwa Katalonia, chini ya mgongo wa Pirenei unaoitenga Uhispania na Ufaransa. Ripoll yenyewe ipo kama kilomita 100 kaskazini mwa Barcelona, mahali ambapo mto Freser unaingia Ter. Kwa gari unafuata barabara ya C-17. Kwa treni ni laini ya R3, mwendo wa saa mbili hivi, na hapa inafaa kuwa na subira: sehemu kubwa ya reli hii ina njia moja tu, kwa hiyo treni moja ikichelewa, ile inayotoka upande wa pili nayo husubiri stesheni, na dakika hujirundika. Kazi za kuongeza njia ya pili nazo zimekuwa zikifanya vipande vya safari vifanywe kwa basi badala ya treni. Angalia ratiba siku moja kabla. Toka Ripoll kwenda Sant Joan, Camprodon na Setcases unapanda mabasi ya Teisa, na kati ya treni na basi acha walau saa nzima. Jumapili na sikukuu safari za basi hupungua sana. Beget usiihesabu kwa basi kabisa. Ni gari, teksi kutoka Camprodon, au miguu.

Ripoll: anzia hapa, na anza asubuhi

Monasteri ya Santa Maria ilianzishwa karibu mwaka 880 na Guifré el Pilós, mtawala ambaye jina lake la utani maana yake ni mwenye manyoya. Alifariki mwaka 897 na amezikwa humo. Enzi kubwa ya monasteri ilikuja na abati Oliba, yaani mkuu wa watawa, aliyeanza kuiongoza mwaka 1008. Ndiye aliyepanua kanisa likazinduliwa upya mwaka 1032, na chini yake chumba cha kunakili vitabu kilijulikana Ulaya nzima. Biblia moja yenye picha iliyochorwa Ripoll wakati huo sasa imo katika maktaba ya Vatikani.

Kinacholeta watu ni lango la mawe la karne ya 12, ukuta mzima uliochongwa sanamu ndogondogo kwa mistari, tabaka juu ya tabaka. Wengi hulitazama dakika tano wakaondoka, kwa sababu hawajui waanzie wapi. Anza juu kabisa: Kristo ameketi, wazee 24 wa kitabu cha Ufunuo wamemzunguka. Shuka katikati: upande mmoja visa vya kitabu cha Kutoka, Waisraeli wakivuka jangwa, upande wa pili visa vya kitabu cha Wafalme, Daudi na Sulemani. Halafu sogea hadi kwenye miimo ya ndani ya mlango, ambako kuna miezi 12 ya mwaka kwa kazi za mkulima wa bonde hili hili. Sehemu hiyo ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wengi hupita bila kuigeuzia shingo. Chukua darubini ndogo. Bila hiyo safu za juu ni ukungu wa jiwe tu.

Jiwe lenyewe ni mgonjwa. Ni la mchanga, hunyonya unyevu na kumomonyoka, ndiyo maana lango limezungushiwa vioo na huruhusiwi kugusa.

Ukiingia ndani, jua unachokitazama. Tetemeko la ardhi la mwaka 1428 liliangusha sehemu ya paa, na mwaka 1835 monasteri ilichomwa moto. Kanisa la leo ni kazi ya msanifu Elies Rogent, aliyelijenga upya hadi likazinduliwa mwaka 1893. Ramani ya chini ni ile ya Oliba, pamoja na ule mkono mrefu wa msalaba wenye apsi saba, yaani vyumba saba vya nusu duara vinavyotokeza upande wa mashariki. Ila kuta nyingi zimenyooka mno kuwa za karne ya 11. Kilichosalia kwa hakika ni lango na ua wa ndani wenye baraza za nguzo. Katika ua huo tafuta upande unaoshikana na kanisa: vichwa vya nguzo vyake ni vya mwisho wa karne ya 12, ilhali pande nyingine zilimaliziwa baadaye sana kwa kufuata mtindo uleule. Linganisha vichwa viwili vitatu kutoka kila upande, macho yatauona utofauti.

Tenga saa mbili kwa yote haya. Ukibakiwa na muda, jumba la makumbusho ya mila lililo jirani linaeleza upande mwingine wa Ripoll: chuma. Mji huu ulifua misumari na bunduki kwa karne kadhaa, ukitumia maji ya mito miwili kuzungusha nyundo. Vyuma vilivyosokotwa kama konokono kwenye milango ya makanisa ya bonde ni matunda ya ufundi huohuo.

Reli ya makaa hadi Sant Joan

Kati ya Ripoll na Sant Joan de les Abadesses kuna kilomita 10, na njia bora ya kuzimaliza si barabara. Reli iliyokuwa ikishusha makaa ya mawe kutoka migodi ya Ogassa ilifungwa mwaka 1980 na sasa ni njia ya baiskeli na miguu, inayoitwa Ruta del Ferro i del Carbó. Kwa kuwa treni za makaa hazikupenda miteremko mikali, kupanda kwake ni kwa upole. Kwa baiskeli ya kawaida ni chini ya saa moja kwenda, na kurudi inakaribia kujiendesha yenyewe. Baiskeli zinakodishwa. Baada ya Sant Joan njia inaendelea kilomita chache hadi Toralles, na hapo mwinuko unaongezeka. Shida ya kawaida ni sehemu inapokatiza barabara: waendesha baiskeli huingia kwa kasi ileile waliyokuwa nayo njiani. Simama, shuka, tazama.

Sant Joan ilikuwa monasteri ya wanawake. Guifré aliijenga kwa ajili ya bintiye Emma. Emma akawa mkuu wake wa kwanza, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Hati ya mwaka 913 inaonyesha wakazi wa bonde wakikiri mbele ya mahakama kwamba ardhi yao iko chini yake. Watawa hao walifukuzwa mwaka 1017 kwa amri ya Papa iliyoombwa na mtawala wa Besalú, Bernat Tallaferro, aliyekuwa na hamu na mali yao. Mashtaka yalikuwa ya tabia mbaya; hadithi za vijijini bado zinamtaja Comte Arnau, mtawala wa hadithi anayepanda farasi wa moto usiku kwa sababu ya dhambi na watawa hao, ijapokuwa hadithi na hati ni mambo mawili.

Kanisa lililopo lilizinduliwa mwaka 1150. Ndani, nyuma ya altare kuu, kuna kundi la sanamu saba za mbao za mwaka 1251: Kristo akishushwa msalabani, Yosefu wa Arimathaya, Nikodemo, Maria, Yohana na wanyang'anyi wawili. Wenyeji huliita Santíssim Misteri, kwa sababu mwaka 1426 ndani ya kipaji cha uso cha Kristo ilikutwa hostia, mkate mtakatifu wa komunyo, ambayo ilisemekana haijaharibika. Ilipotea katika vurugu za mwaka 1936, na mmoja wa wanyang'anyi alichomwa. Aliyepo sasa ni wa kuchongwa upya. Simama pembeni, si mbele tu: mikono ya Yosefu na Nikodemo imepangwa ili uzito wa mwili uonekane ukishuka kweli.

Ukitoka, shuka hadi Pont Vell, daraja la mawe lenye tao moja kubwa. Lilibomolewa mwaka 1939, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, majeshi yalipokuwa yakirudi nyuma kuelekea Ufaransa, likajengwa tena mwaka 1976. Tunalitaja hili si kwa kubeza. Bonde hili limejaa vitu vya kale vilivyosimamishwa mara ya pili, na anayejua kipi ni kipi huona zaidi.

Jinsi ya kusoma ukuta

Huhitaji shahada. Tazama mawe kwanza. Yakiwa madogo, yamevunjwa kwa nyundo, hayalingani na chokaa ni nyingi kati yake, uko karibu na karne ya 11. Yakiwa matofali makubwa ya mawe yaliyochongwa pembe, yenye mstari mwembamba wa chokaa, ni karne ya 12. Vitao vidogo visivyo na tundu, vimepangwa mstari chini ya paa, ni mtindo uliokuja na mafundi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Madirisha ni membamba kwa sababu ukuta ndio unaobeba paa la mawe lililopinda. Tundu kubwa lingeudhoofisha, kwa hiyo fundi alitoboa mpenyo mdogo kisha akaupanua kwa ndani ili mwanga utawanyike. Na kwenye mnara wa kengele hesabu matundu kutoka chini kwenda juu: huongezeka ghorofa kwa ghorofa, uzito upungue juu na sauti itoke.

Pale mpangilio wa mawe unapobadilika ghafla katikati ya ukuta, au juu ya mnara kunapokuwa na aina nyingine ya jiwe, mara nyingi mshukiwa ni tarehe 2 Februari 1428, siku ya tetemeko kubwa. Camprodon iliangamizwa, na huko Sant Joan sehemu ya mashariki ya kanisa haikurudi tena kuwa kama zamani.

Jambo moja huwavunja moyo wageni: kuta ni tupu. Zamani zilipakwa chokaa na rangi, ndani na hata nje. Michoro mingi ya makanisa ya Pirenei ya Katalonia ilibanduliwa kutani kuanzia mwaka 1919 na kupelekwa Barcelona, ambako sasa imo katika jumba la makumbusho la taifa, MNAC, pale Montjuïc. Ukiipenda, tenga nusu siku kule kabla ya kupanda huku.

Camprodon, na kwa nini ulale hapo

Iko mita 950 juu ya usawa wa bahari, kilomita 24 kutoka Ripoll, na inafaa kuwa kituo chako kwa sababu njia za Beget, Molló na Setcases zote zinagawanyika hapo. Maduka, famasia, mashine za kutolea pesa na kituo cha mafuta vipo. Ukivipita, juu zaidi usitegemee. Kanisa la monasteri ya Sant Pere, lililozinduliwa mwaka 1169, halina mapambo mengi na ni zuri: apsi zake si za duara bali zimekatwa mraba, jambo lisilo la kawaida, na ndilo la kuangalia ukizunguka nyuma. Pont Nou ni daraja la tao moja kali linalokwea na kushuka kama paa, na upande mmoja lina mnara wa lango la mji. Mtunzi wa muziki Isaac Albéniz alizaliwa hapa mwaka 1860.

Chakula cha mchana ni kati ya saa saba na saa tisa unusu. Ukifika saa kumi jikoni pamezimwa, na cha jioni hakianzi kabla ya saa mbili unusu usiku. Maduka madogo hufunga kuanzia kama saa saba unusu hadi kumi na moja jioni. Kwa hiyo nunua mkate, jibini na llonganissa, ile soseji kavu ya nyama ya nguruwe ambayo Camprodon inajivunia, asubuhi kabla hujaondoka. Viazi huku huitwa trumfes. Ukiviona kwenye orodha ya siku, agiza.

Mabango huandika saa kwa mtindo wa 24, basi 13.30 ni saa saba na nusu mchana. Obert ni wazi, tancat ni imefungwa. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, na mapokezi huacha kuuza tiketi kama nusu saa kabla ya muda ulioandikwa. Kwa makanisa ya vijiji, piga simu ofisi ya utalii ya Camprodon siku iliyotangulia uulize nani ana ufunguo. Misa inapoendelea, kaa nje au kaa kimya nyuma. Na weka mfukoni sarafu za euro 1 na senti 50, kwa kuwa katika baadhi ya makanisa taa huwaka kwa sarafu na huzima baada ya dakika chache.

Beget

Kutoka Camprodon ni karibu kilomita 17 kupitia Rocabruna, lakini tenga dakika 40 kwa gari. Kona haziishi, na wakati wa vuli majani yaliyolowa huteleza kama sabuni. Programu za ramani zinaweza kukushauri utokee upande wa Oix. Njia hiyo ipo, ila ni nyembamba mno, na mkikutana na gari lingine mmoja wenu atarudi kinyumenyume umbali mrefu. Rudi ulikotoka. Magari huachwa kwenye maegesho ya mwanzo wa kijiji. Vichochoro ni vya miguu.

Kijiji kimekaa ndani ya shimo la milima, nyumba za mawe, vijito viwili na madaraja yake. Kanisa la Sant Cristòfol ni la karne ya 12, mnara wake wa ghorofa nne ni mfano mzuri wa lile somo la matundu tulilosema. Ndani yupo Majestat: Kristo wa mbao wa urefu unaofikia mita 2, amevaa kanzu ndefu na mshipi, macho wazi, hana jeraha wala taji la miiba. Si maiti, ni mfalme aliyesimama msalabani. Wachongaji wa Katalonia waliifanya aina hii katika karne ya 12 na 13, na zilizobaki katika makanisa yake yenyewe ni chache. Nyingi zimehamia makumbusho. Hii peke yake inatosha kukuleta. Fika saa nne asubuhi, kabla ya magari ya wikiendi. Mwezi wa Agosti maegesho hujaa kufikia saa sita.

Kwa watembeaji, njia ndefu ya GR 11 inaunganisha Molló na Beget. Ianze Molló, penye mita 1,180 na kanisa zuri la Santa Cecília, ushuke hadi Beget iliyo karibu mita 540. Ukiigeuza utapanda tofauti hiyo yote mchana wa jua. Panga nusu siku, na panga teksi ya kurudi kabla hujaanza, kwa sababu mawasiliano ya simu kule chini hayaaminiki.

Alama, ng'ombe na radi

Mistari myeupe na myekundu ni njia ndefu za GR, myeupe na ya njano ni fupi za PR. Msalaba wa rangi hizo ni onyo kwamba si huko. Ramani za karatasi za Editorial Alpina za kipimo cha 1:25,000 zinatosha, na taasisi ya ramani ya Katalonia, ICGC, hutoa zake bure za kupakua. Hesabu ya muda tunayoitumia ni hii: kilomita 4 kwa saa tambarare, mita 400 za kupanda kwa saa, chukua muda mkubwa kati ya hiyo miwili, ongeza nusu ya mdogo. Njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 600 ni saa 2 za umbali na saa 1 na nusu za mwinuko, jumla saa 2 na dakika 45, bila mapumziko. Wanaopotea huku mara nyingi hawakukosea njia, walikosea saa ya kuanza.

Nyaya za umeme zinazokatiza vijia ni za mifugo. Zina mpini wa plastiki: fungua kwa mpini, pita, funga. Ukiacha wazi, ng'ombe watafika Ufaransa. Usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake, na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo wazungukie mbali bila kukimbia. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa majira ya baridi, bango la batuda maana yake ni msako wa nguruwe mwitu kwa bunduki. Geuza, hata kama njia ni ya umma. Baada ya kutembea kwenye majani marefu, jikague kupe. Moto msituni ni marufuku kuanzia Machi 15 hadi Oktoba 15, pamoja na eneo la mita 500 kuzunguka msitu. Chemchemi isiyo na bango usiinywe ikiwa kuna malisho juu yake. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya tatu iwe ya juu. Setcases iko mita 1,265, na kutoka hapo barabara inapanda hadi maegesho ya Vallter, juu ya mita 2,000. Karibu na hapo Ter inaanzia, na kuna magofu ya kibanda cha wapandaji cha Ulldeter kilichojengwa mwaka 1909 na Centre Excursionista de Catalunya. Wakati wa kiangazi anza saa moja asubuhi na uwe umeshuka kufikia saa saba, kwa kuwa radi za alasiri huja karibu kwa ratiba. Wakati wa baridi adui ni torb, upepo unaoinua theluji kutoka ardhini mpaka usione miguu yako. Tarehe 30 Desemba 2000 uliwaua wapandaji karibu na kilele cha Balandrau, siku iliyoanza kwa jua. Minyororo ya magurudumu iwe ndani ya gari, si dukani.

Jumapili jioni C-17 kuelekea Barcelona hujaa foleni. Shuka kabla ya saa kumi, au kula Camprodon na ushuke usiku.